Chanjo iliyofika mlipuko ukipungua: uchambuzi wa jaribio la Ebola nchini Guinea, 2015

Mwezi Machi 2015 wagonjwa wa Ebola nchini Guinea walikuwa wanapungua. Kwa kila aliyekuwa akiishi na hofu ile, hizo zilikuwa habari njema. Kwa timu iliyokuwa imebeba chanjo isiyothibitishwa bado, habari hiyohiyo ilikuwa kitisho. Uwezo wa chanjo hupimwa kwa kuhesabu wanaougua upande huu na upande ule. Wasipougua watu wa kutosha, unabaki na maelfu waliochomwa sindano, wote wazima, na huna njia ya kujua kama ni sindano iliyowakinga au kirusi hakikuwafikia tu.

Nchi mbili jirani zilikumbwa na hali hiyo. Liberia ilianza jaribio Februari 2015 ikilenga watu zaidi ya 27,000, ikasimama kwenye 1,500 kwa sababu wagonjwa walikuwa wamekwisha. Sierra Leone ilichanja wahudumu wa afya karibu 8,000 na haikupata wagonjwa wa kulinganisha. Majaribio yote mawili yalitoa majibu ya maana kuhusu usalama wa chanjo na namna mwili unavyojenga kingamwili. Lakini swali la msingi, kwamba chanjo inazuia Ebola au haizuii, lilijibiwa Guinea peke yake. Chanjo kuu iliyojaribiwa katika nchi hizo tatu ni ileile, msimu uleule wa mlipuko. Kilichotofautiana ni uamuzi wa nani achanjwe, wapi na lini. Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kirefu.

Miaka kumi kwenye friza

Chanjo yenyewe haikuwa mpya. Iliundwa katika maabara ya taifa ya mikrobiolojia ya Canada, mjini Winnipeg, na mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Heinz Feldmann na Thomas Geisbert walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba dozi moja iliwakinga tumbili dhidi ya Ebola. Kwa ugonjwa unaoua kiasi hicho, ungetegemea majaribio kwa binadamu yafuate upesi. Hayakufuata. Mwaka 2010 leseni ikapewa kampuni ndogo ya Marekani, na chanjo ikakaa.

Sababu haikuwa ya kisayansi. Tangu kirusi kitambuliwe mwaka 1976 huko Yambuku, nchini Kongo, Ebola ilikuwa ikizuka ghafla, ikiua makumi au mamia ya watu katika vijiji maskini, kisha ikitoweka. Hakuna kampuni iliyoona soko hapo, na majaribio ya awamu ya tatu, yaani yale makubwa ya mwisho yanayopima kama chanjo inakinga, hugharimu fedha nyingi mno kwa taasisi ya utafiti kuyabeba peke yake. Nadhani ni haki kusema wazi kwamba waliokufa Guinea, Liberia na Sierra Leone, zaidi ya 11,000 kwa jumla, walikufa wakati kinga yao ikiwa tayari imehifadhiwa kwenye barafu. Fedha na shinikizo vilipatikana baada ya Agosti 2014, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza dharura ya kimataifa. Canada ikatoa mamia ya vichupa ilivyokuwa navyo, na Novemba mwaka huo kampuni ya Merck ikachukua jukumu la uzalishaji.

Ndani ya kichupa kuna kirusi hai. Kinaitwa VSV, na kwa asili husababisha malengelenge mdomoni mwa ng'ombe, farasi na nguruwe. Watafiti walikiondolea protini yake ya nje na kukivika ile ya Ebola ya aina ya Zaire. Kikiingia mwilini huzaliana kwa muda mfupi, na mfumo wa kinga unaona sura ya Ebola bila Ebola yenyewe kuwapo. Kwa kuwa kirusi ni hai, mwili huitikia haraka na dozi moja hutosha. Kumbuka sifa hiyo ya haraka, maana mpango mzima wa Guinea ulisimama juu yake. Chanjo inayohitaji dozi tatu kwa miezi sita ingekuwa bure pale.

Mwishoni mwa 2014 majaribio ya awali yalifanyika kwa kasi Geneva, Hamburg, Lambaréné nchini Gabon, na Kilifi nchini Kenya. Kule Geneva baadhi ya waliojitolea walipata maumivu ya viungo, jaribio likasimamishwa Desemba na kuendelea Januari kwa dozi ndogo zaidi. Wengine walishangaa kwamba jambo hili lilitangazwa hadharani wakati watu wakifa kwa maelfu. Naona lilikuwa jambo sahihi. Watu walioombwa kunyoosha mkono miezi mitatu baadaye walistahili kujua kwamba chanjo hii ina kero zake.

Duara badala ya mkoa

Njia iliyozoeleka ni kuchukua watu wengi, nusu wapewe chanjo, nusu wapewe sindano isiyo na kitu, kisha wasubiriwe. Kwa ugonjwa ulioenea kote njia hiyo hufaa. Ebola haikai hivyo. Hata katika kilele cha mlipuko, uwezekano wa mtu yeyote wa Conakry kuugua wiki fulani ulikuwa mdogo sana, ilhali uwezekano wa dada aliyemuuguza kaka yake ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Hatari ilifuata nyumba, mazishi na uuguzi. Ukichanja mkoa mzima, karibu kila dozi inakwenda kwa mtu ambaye kirusi hakikuwa njiani kumfikia.

Wapangaji wa jaribio waliazima mbinu ya kale. Mwaka 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari William Foege alipungukiwa dozi za chanjo ya ndui, akaamua kuzitumia pale tu palipokuwa na mgonjwa: waliomzunguka, na waliowazunguka hao. Mlipuko ukafa. Mbinu hiyo ikawa mojawapo ya silaha kuu zilizofuta ndui, hadi mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya asili, Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Foege aliitumia kumaliza ugonjwa kwa chanjo iliyokwisha kujulikana. Timu ya Guinea iliigeuza kuwa chombo cha kupima chanjo isiyojulikana, na sifahamu mfano wa mapema uliofanya hivyo kwa ukubwa huo.

Ilikwenda hivi. Mgonjwa mpya akithibitishwa na maabara, timu huenda anakotoka na kuandika majina: waliolala nyumba moja naye katika siku 21 zilizopita, aliowatembelea akiwa na dalili, waliogusa maji ya mwili wake, nguo zake au matandiko yake. Kisha majirani na ndugu wa hao. Wote hao kwa pamoja ndio duara moja. Orodha ikishafungwa, na baada ya kufungwa tu, duara zima hupigiwa kura ya bahati nasibu: lichanjwe sasa hivi, au lichanjwe baada ya siku 21. Utaratibu wa kufunga orodha kwanza unaonekana mdogo lakini ni msingi. Kama wanaoandika wangejua duara limeangukia wapi, ingekuwa rahisi bila hata kukusudia kuongeza jina la huyu na kumsahau yule, na ulinganisho ungeharibika kabla ya sindano ya kwanza.

Siku 21 ni muda mrefu zaidi unaokubalika kati ya kuambukizwa Ebola na kuonekana kwa dalili. Kwa hiyo katika wiki tatu zile, maduara yaliyosubiri yalionyesha nini hutokea bila chanjo, kisha nao wakachanjwa. Hakuna aliyepewa sindano ya maji.

Ubishi kuhusu hili ulikuwa mkali miongoni mwa wataalamu, na haujaisha. Upande mmoja husema ulinganisho safi unahitaji sindano bandia, ili mhudumu na mchanjwaji wote wasijue nani kapata nini. Anayejua kachanjwa anaweza kulegeza tahadhari. Anayejua bado anasubiri anaweza kujifungia ndani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mweke anayeitoa mbele ya familia iliyozika jana, katika nchi ambako Septemba 2014, kijijini Womey, kusini mashariki, watu wanane wa msafara wa uhamasishaji wa Ebola waliuawa na wanakijiji walioamini kwamba wao ndio walioleta ugonjwa. Mwambie aeleze kwamba nusu yao watachomwa kitu kisicho na chochote. Jaribio lingefia kwenye kizingiti cha nyumba ya kwanza. Subira ya siku 21 ilipunguza usafi wa matokeo na ikaokoa uwezekano wa kuwa na matokeo yoyote.

Uwanjani

Jaribio lilizinduliwa 23 Machi 2015 katika Guinea ya chini, yaani Conakry na wilaya za pwani, kwa ushirikiano wa serikali ya Guinea, WHO, Madaktari Wasio na Mipaka, na taasisi ya afya ya umma ya Norway. Liliitwa kwa Kifaransa *Ebola ça suffit*, Ebola imetosha.

Chanjo ilitakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, wakati friza ya kawaida hufika takriban 20 tu chini ya sifuri. Vilitumika vyombo maalumu viitwavyo Arktek, vyenye kuta nene za kuzuia joto, vinavyoweza kushikilia baridi hiyo kwa siku kadhaa bila umeme. Bila hivyo, duara lililo kwenye barabara mbovu lisingefikiwa.

Mtu akikubali na kutia saini ridhaa, alichomwa bega, akakaa nusu saa chini ya uangalizi, kisha akatembelewa siku ya 3, ya 14, ya 21, ya 42, ya 63 na ya 84. Ziara hizo huwa hazitajwi kwenye vichwa vya habari. Ni kazi ya watu waliotembea nyumba kwa nyumba, wengi wao Waguinea, wakiuliza maswali yaleyale kwa watu waliochoka kuulizwa. Takwimu zote zilizofuata zimejengwa juu ya miguu yao. Wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa mahututi na, mwanzoni, wote walio chini ya miaka 18 hawakuchanjwa.

Sifuri kwa kumi na sita

Hesabu ya katikati ya jaribio ilihusu maduara 90 yenye watu 7,651. Maduara 48 yaliangukia kuchanjwa mara moja, 42 kusubiri. Kuanzia siku ya 10 baada ya kura na kuendelea, miongoni mwa waliochanjwa mara moja hakuna hata mmoja aliyeugua Ebola. Kwenye maduara yaliyosubiri waliugua 16. Tarehe 26 Julai kamati huru ya usalama ilishauri kura isimame na kila duara lichanjwe papo hapo. Matokeo yalichapishwa siku chache baadaye, na dunia ikasoma tarakimu moja: asilimia 100.

Hapa ndipo napenda msomaji apunguze mwendo.

Kwanza, siku kumi. Waliougua kabla ya siku ya 10 hawakuhesabiwa upande wowote. Sababu ni nzuri: mtu aliyekwisha kuambukizwa kabla ya sindano hawezi kutumiwa kama ushahidi dhidi yake, na mwili unahitaji siku kadhaa kujenga kinga. Ila maana yake ni kwamba asilimia ile haimhusu aliyechomwa leo na kuugua keshokutwa. Huyo yupo, na katika kila mlipuko uliofuata amekuwapo.

Pili, katika maduara ya kuchanjwa mara moja walikuwamo watu 4,123, lakini waliochanjwa walikuwa 2,014. Waliobaki ni watoto, wajawazito, wasiokuwapo siku hiyo na waliokataa. Kulinganisha waliochanjwa peke yao na wenzao wa upande wa pili huonyesha nguvu ya chanjo mwilini. Ukiuliza swali la afisa wa afya, yaani nikipeleka chanjo kwenye duara, ugonjwa utapungua kiasi gani kwa watu wazima wote wanaostahili, wakiwamo wasiochanjwa, kadirio linashuka hadi karibu asilimia 75. Na mpaka wa chini wa kadirio hilo, yaani kiwango cha chini kabisa ambacho data zinaruhusu, unavuka sifuri, maana wagonjwa waliohesabiwa walikuwa wachache mno.

Tatu, kusimamisha kura kulifunga mlango wa ushahidi zaidi wa aina hiyo. Mwaka 2017 jopo la akademia za taifa za sayansi nchini Marekani lilipitia jaribio lote na kuhitimisha kwamba chanjo huenda inakinga, lakini ukubwa wa kinga hauwezi kutajwa kwa uhakika kutokana na data zile.

Naikubali hoja ya jopo kihesabu, na bado nasema kamati ilifanya uamuzi sahihi. Wajumbe wake walikuwa na sifuri kwa kumi na sita mezani, na duara la kesho likisubiri kura. Ambacho sikubaliani nacho ni jinsi tarakimu ilivyotangazwa. "Asilimia 100" ilipaswa kutoka ikiwa imefungamana na mpaka wake wa chini, ambao katika hesabu hiyo ulikuwa karibu asilimia 75. Ahadi ya ukamilifu hubomoka siku mtu wa kwanza aliyechanjwa anapougua, na anayelipa gharama ya kubomoka huko ni mhudumu anayebisha hodi kwenye nyumba inayofuata.

Ripoti ya mwisho, Desemba 2016, ilijumlisha maduara 117, yakiwamo machache ya Sierra Leone na yale yaliyochanjwa baada ya kura kusimama, ambamo watoto wa miaka 6 hadi 17 nao waliruhusiwa. Kati ya watu 5,837 waliochanjwa, hakuna aliyeugua kuanzia siku ya 10. Kati ya wasiochanjwa, waliugua 23. Zaidi ya nusu ya waliochanjwa walieleza kero fulani katika wiki mbili za kwanza, hasa kichwa kuuma, uchovu na misuli kuuma. Madhara makubwa mawili yalihusishwa moja kwa moja na chanjo, homa kali na mzio mkali, na moja lilidhaniwa kuhusika. Wote watatu walipona.

Mtihani wa Kivu

Ugonjwa uliporudi kusini mashariki mwa Guinea Machi 2016, watu 1,510 walichanjwa kwa maduara manne na hakuna mgonjwa aliyezuka ndani yake. Mtihani wenyewe ulikuja Agosti 2018, Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko na ya hospitali. Wagonjwa 3,470 na vifo 2,287 katika muda wa karibu miaka miwili, huku vituo vya matibabu vikishambuliwa kwa silaha na timu zikishindwa kuingia vijijini kwa siku nyingi mfululizo. Walichanjwa watu zaidi ya 300,000.

Mlipuko ule unaulizwa mara nyingi kama hoja dhidi ya chanjo: kama inakinga, mbona ugonjwa ulidumu vile? Jibu limo ndani ya muundo wa duara. Duara linahitaji orodha, na orodha inahitaji mtu akubali kutaja majina. Beni na Butembo wagonjwa wengi waligunduliwa wakiwa wamekwisha kufa majumbani, bila kuwahi kuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Chanjo haikuwafikia kwa sababu jina halikuwafikia wachanjaji.

Hesabu ya awali ya mwaka 2019 ilitoa kinga ya asilimia 97.5. Uchambuzi mwingine wa data za mlipuko huohuo, uliochapishwa 2024 na kulinganisha waliopimwa wakakutwa na Ebola na waliopimwa wakakutwa hawana, ulitoa asilimia 84. Nikilazimika kuchagua tarakimu moja ya kumtajia mtu, nitachagua hiyo 84: imetoka kwenye vurugu halisi ya kazi, na ina nafasi ya kumweleza jirani aliyechanjwa akaugua bila kumwita mwongo.

Kibali cha Ulaya kilitolewa Novemba 2019, cha Marekani Desemba mwaka huo, kwa jina la Ervebo. Tangu Januari 2021 kuna akiba ya kimataifa ya dozi kwa ajili ya milipuko.

Ervebo hukinga dhidi ya Ebola ya aina ya Zaire tu. Septemba 2022, aina ya Sudan ilipozuka Mubende, Uganda, akiba hiyo haikuwa na msaada wowote. Dozi za chanjo za majaribio zilifika Desemba, mgonjwa wa mwisho akiwa amekwisha kupona, na jaribio halikufanyika. Ilikuwa hali ileile ya Liberia ya 2015. Safari hii, hata hivyo, mpango wa jaribio la duara na dozi vilibaki tayari. Aina ya Sudan ilipotangazwa tena Kampala, 30 Januari 2025, mtu wa kwanza alichanjwa 3 Februari, siku ya nne. Guinea ilisubiri mwaka mzima tangu mlipuko wake utangazwe. Wagonjwa wa Uganda walikuwa 14 kwa jumla, wa kuthibitishwa na wa kudhaniwa, na mlipuko ulitangazwa kwisha 26 Aprili, idadi ndogo mno kwa chanjo ile mpya kupata sifuri kwa kumi na sita yake.